Mikono ya fundi wa nguo: kuchagua tiba ya kudumu ya baridi yabisi

Usuli

Mgonjwa ni mama wa miaka 38, fundi wa nguo katika soko moja la Nairobi. Hushona sare za shule na nguo za vitenge, na mapato ya Desemba na Januari ndiyo yanayobeba karo ya watoto watatu. Jina lake, soko lake na vituo vya afya alivyopitia vimeondolewa.

Maumivu yalianza kwenye vifundo vya ngumi, pale vidole vinapoungana na kiganja, mkono wa kulia kwanza na wa kushoto wiki chache baadaye. Kisha vikafuata viungo vya katikati ya vidole na vifundo vya mikono yote miwili. Viungo vya ncha, vile vilivyo karibu na kucha, havikuguswa kabisa. Alipoulizwa mikono hukakamaa kwa muda gani asubuhi, alijibu "kidogo tu". Swali likageuzwa: unaamka saa ngapi, na unaweza kumfunga mtoto kifungo cha shati saa ngapi? Akasema anaamka saa kumi na moja, na kifungo kinakubali saa moja na nusu. Hizo ni saa mbili na nusu. Ukakamavu huu uulizwe kwa kazi ya mikono kila mara, kwa sababu wagonjwa wengi hupunguza wanapoulizwa kwa dakika.

Ilimchukua miezi 14 kufika kliniki ya viungo. Katika muda huo alimeza diklofenaki ya kemisti, miligramu 50 mara tatu kwa siku, na sindano ya dawa hiyo hiyo kila maumivu yalipozidi. Kituo kimoja kilimpima asidi ya uriki, kikaikuta juu kidogo, kikamwambia ni gauti na kwamba aache nyama na maharagwe. Aliacha kwa miezi minne, mikono ikazidi kuvimba. Baadaye kemisti mwingine akampa prednisoloni, dawa ya steroidi, tembe mbili za miligramu 5 kila asubuhi. Alipata nafuu kubwa ndani ya siku tatu, akaendelea kuinunua kwa miezi mitano bila mtu kumpima.

Majirani walimwambia aache kufua kwa maji baridi. Jina la ugonjwa kwa Kiswahili linachangia imani hiyo, maana kusikia "baridi yabisi" ni kuamini kwamba baridi ndiyo chanzo. Baridi ya Julai Nairobi huongeza maumivu kwa wengi, lakini ugonjwa wenyewe hutokana na kinga ya mwili kushambulia utando wa ndani wa viungo. Utando huo huvimba, hunenepa, na baada ya muda huanza kula mfupa.

Alichokutwa nacho

Viungo 12 viliuma vilipobonyezwa na 9 vilikuwa vimevimba, vikiwa laini kama sponji chini ya kidole cha mpimaji. Kubana vifundo vya ngumi kwa pamoja, kama mtu anayeshika mkono kwa salamu ya nguvu, kulimtoa machozi. Presha ilikuwa 148/94. Uzito ulikuwa kilo 62.

Nguvu ya kushika ilipimwa kwa mkanda wa mashine ya presha: unakunjwa, unajazwa upepo hadi 20, mgonjwa anaubana kwa mkono mmoja na namba inasomwa. Mkono wa kulia ulifika 70, wa kushoto 85. Njia hii haihitaji kifaa kingine, na inatosha kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe miezi ijayo.

Maabara: vipimo vya uvimbe kwenye damu vilikuwa juu, ESR 68 na CRP 31; kati ya kingamwili za ugonjwa huu, RF ilikuwa chanya, na anti-CCP zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida. Himoglobini ilikuwa 10.4. Figo na ini vilikuwa sawa, na homa ya ini ya B na C na virusi vya UKIMWI havikupatikana. Eksirei ya kifua ilikuwa safi. Eksirei ya mikono ilionyesha mfupa ulioanza kuliwa kwenye kifundo cha kidole cha shahada cha mkono wa kulia, alama ndogo kama panya aliyeng'ata pembe ya mkate.

Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 mgonjwa huhesabiwa kuwa na baridi yabisi akipata alama 6 kati ya 10. Yeye alipata 10: tano za idadi ya viungo, tatu za kingamwili zilizo juu sana, moja ya uvimbe kwenye damu, moja ya kudumu zaidi ya wiki 6. Kwa ushahidi huu habari ya gauti iliisha. Gauti kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi ni nadra, hupenda kuanzia kidole gumba cha mguu, na huja kwa mashambulizi ya siku kadhaa kisha hupoa.

Ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo nao ulifikiriwa, kwani fundi hutumia mikono sana. Lakini huo hupenda viungo vya ncha za vidole na shina la kidole gumba, uvimbe wake ni mgumu kama mfupa, na ukakamavu wake wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Kama ungekuwa huo, mizani ingekuwa tofauti kabisa: kibano cha kidole gumba, jeli ya diklofenaki, mazoezi, na mbele ya safari labda upasuaji wa shina la gumba. Dawa za kutuliza kinga zisingekuwa na nafasi.

Njia zilizowekwa mezani

Kwanza alipewa alama ya CDAI, kipimo cha ukali wa ugonjwa, ambayo hukokotolewa palepale bila maabara: viungo vinavyouma, viungo vilivyovimba, alama ya mgonjwa mwenyewe kuhusu hali yake kati ya 0 na 10, na ya daktari vivyo hivyo. 12 + 9 + 7 + 6 ikaleta 34. Zaidi ya 22 ni ugonjwa mkali, 10 kushuka chini ni ugonjwa mdogo, 2.8 au chini ni ugonjwa uliotulia. Lengo likaandikwa kwenye kadi yake: kushuka hadi 10 au chini ndani ya miezi 6. Bila lengo lililoandikwa, "naendelea vizuri" huwa jibu la heshima kwa daktari, na miaka hupita.

Njia ambayo mgonjwa mwenyewe aliipendelea ni kuendelea na prednisoloni. Hoja yake ilikuwa na uzito: ilimrudisha kwenye cherehani, na ilikuwa rahisi kuinunua. Alielezwa kile ambacho miezi mitano ilikuwa imeshaanza kuleta. Presha ilikuwa imepanda, na diklofenaki ilichangia hilo pia. Mifupa hupungua uzito, sukari huweza kupanda, na maambukizi, kifua kikuu kikiwemo, hupata mlango. Prednisoloni ikabaki kama daraja tu la kuvukia, huku dawa ya kudumu ikisubiriwa kufanya kazi. Kuikata ghafla kulikataliwa pia, maana baada ya miezi hiyo tezi za mwili zinazotengeneza homoni ya aina ya steroidi huwa zimelala, na mtu anaweza kuanguka kwa presha kushuka.

Haidroksiklorokwini peke yake ndiyo njia ya upole zaidi. Haihitaji damu kupimwa mara kwa mara, na ni salama kwa mwenye mimba. Ila kwa mtu mwenye kingamwili za juu na mfupa ulioanza kuliwa, ni dhaifu mno ikiwa pekee. Ingemtuliza huku vifundo vikiendelea kuharibika kimyakimya.

Dawa za kibayolojia, zinazozuia protini mahususi ya uvimbe, kama adalimumabu na etanasepti, zilielezwa kwa uwazi ingawa wote waliokuwa chumbani walijua bei yake. Mgonjwa alikuwa amesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, lakini mchango wake wa mwaka haukuwa umelipwa. Zaidi ya bei kuna kifua kikuu: kabla ya dawa hizo ni lazima kutafuta vimelea vilivyolala, na vikipatikana kutibiwa kwanza. Isitoshe, kwa kawaida haziwi dawa ya kwanza hata penye fedha.

Upasuaji haukuwa na kazi bado. Hufikiriwa pale kano inapokatika, kiungo kinapoharibika kiasi cha kutoshikilia kitu, au maumivu ya kiungo kimoja yanapobaki wakati vingine vimetulia.

Ikabaki methotreksati, dawa ambayo tiba nyingi za baridi yabisi hujengwa juu yake. Ni ya bei nafuu, hutumiwa mara moja kwa wiki, na hupunguza kasi ya mfupa kuliwa. Mgonjwa aliuliza: "Daktari, hii si dawa ya kansa? Jirani yangu alipewa hii." Akajibiwa, "Ndiyo, mama, ni hiyo hiyo, lakini dozi ya kansa huwa kubwa mara nyingi zaidi. Hii yako ni ya kutuliza kinga." Jibu hili litolewe kabla mgonjwa hajaenda kemisti, kwa sababu huko atalisikia neno kansa bila maelezo, na dawa itaishia kabatini.

Sharti kubwa lilikuwa mimba, maana methotreksati huharibu mtoto tumboni. Alisema yeye na baba watoto wamemaliza kuzaa. Alikuwa akitumia sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu. Sindano hiyo hupunguza uzito wa mifupa, na prednisoloni hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo alishauriwa kuhamia kipandikizi cha mkononi. Alikubali.

Mpango ulivyoandikwa

Methotreksati miligramu 10, yaani tembe nne za 2.5, kila Jumapili jioni baada ya chakula. Kuongeza tembe moja kila wiki mbili hadi miligramu 15. Foliki asidi miligramu 5 kila Jumatano. Prednisoloni kubaki 10 kwa wiki mbili, kisha kushuka kwa 2.5 kila wiki nne. Diklofenaki ya kumeza ikasimamishwa, kwa sababu ya presha na kwa sababu figo ndizo zinazoitoa methotreksati mwilini. Badala yake parasetamoli gramu 1 hadi mara tatu kwa siku, na jeli ya diklofenaki vidoleni. Damu kupimwa kila wiki mbili hadi dozi itulie kwa wiki sita, kisha kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kila wiki 12: chembe za damu, ini na figo.

Kwenye kadi yaliandikwa pia mambo ya kusimamisha dawa na kuja hospitali: vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu, kikohozi kikavu, kukosa pumzi. Na onyo moja kwa herufi kubwa: USIMEZE SEPTRIN. Dawa hiyo huuzwa kirahisi kwa kikohozi na tumbo, na ikikutana na methotreksati inaweza kuzima uboho unaotengeneza damu.

Wiki ya saba

Tembe zilipoisha alinunua nyingine mtaani kwake. Karatasi ya daktari ilisema miligramu 15 kwa wiki, kwa kifupisho. Bahasha ya kemisti iliandikwa "6 × 1". Mtu yeyote aliyewahi kununua dawa Nairobi anajua hiyo husomwa sita mara moja kwa siku. Akameza sita Jumapili, sita Jumatatu, sita Jumanne. Jumatano mdomo uliwaka, chai ikashindikana.

Alikumbuka orodha ya kadi, akapiga simu kliniki, akaambiwa aje siku hiyo hiyo na bahasha mkononi. Alikuwa amemeza miligramu 45 kwa siku tatu. Chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka kidogo ila hazikufika pabaya, figo zilikuwa sawa. Alipewa asidi ya foliniki, ambayo hupita pale methotreksati inapoziba, na hiyo ni dawa nyingine kabisa na foliki ya kawaida. Akaongezewa maji, akapimwa tena baada ya siku mbili na baada ya wiki. Vidonda vilipona siku ya tisa. Dawa ikarudishwa baada ya wiki mbili, kwa miligramu 10, ikapandishwa upya.

Hatukuona sababu ya kumlaumu mama huyu hata kidogo. Alisoma alichoandikiwa. Makosa yalikuwa mawili, na yote yalitangulia bahasha: karatasi ya dawa haikutaja siku ya juma, na mgonjwa alikuwa amefundishwa siku yake kwa mdomo mara moja tu. Tangu hapo karatasi yake huandikwa hivi: "Tembe SITA za miligramu 2.5, JUMAPILI TU, mara moja kwa wiki. Kamwe si kila siku." Hupewa tembe za wiki nne kwa mkupuo mmoja, na zote za ukubwa wa 2.5, kwani kuna tembe za 10 zinazofanana nazo rangi.

Mikono kazini

Mtaalamu wa tiba ya mikono alimtengenezea kibao cha plastiki cha kushikilia kifundo cha mkono. Cha mkono wa kulia hakikuvaliwa, kwa sababu kilizuia kitambaa kupita chini ya sindano. Alipokuja na cherehani akilini, akionyesha kwa mikono jinsi anavyosukuma kitambaa, ikaamuliwa kibao kivaliwe usiku, na mchana apewe bandeji ya elastiki yenye utepe mmoja mgumu chini ya kifundo.

Mkasi ndio uliokuwa adui mkubwa. Mkasi mzito wa chuma wa fundi hukaza shina la gumba na kusukuma vidole kuelekea upande wa kidole cha mwisho, upande ule ule ambao ugonjwa huvipindia. Alibadilisha na mkasi wenye springi unaofunguka wenyewe, na vitambaa vinene vya sare akamwachia msaidizi akate. Mpini wa pasi na wa mwiko ukazungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi ukawa mnene. Sufuria hubebwa kwa viganja viwili, nguo hukamuliwa kwa kuzungushwa kwenye bomba la maji, na mfuko wa sokoni hutundikwa kwenye kiwiko.

Mazoezi yalikuwa dakika kumi na tano kila siku, ya kunyoosha na ya kutia nguvu, vidole vikiwa ndani ya maji ya uvuguvugu asubuhi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, uitwao SARAH, ulionyesha kwamba mpango wa mazoezi kama huu huongeza uwezo wa mikono juu ya ule unaoletwa na dawa. Aliacha mara mbili, mara zote msimu wa sare.

Kupima upya, kuchagua upya

Mwishoni mwa mwezi wa nne alama ilikuwa 17: viungo 6 vinauma, 4 vimevimba, 4 yake, 3 ya daktari. Ukakamavu ulikuwa dakika 50. Alifurahi na akataka abaki hapo. Hapa ndipo lengo la kwenye kadi lilipofanya kazi: 17 bado ni ugonjwa wa kati, na mfupa unaendelea kuliwa hata mgonjwa akiwa na furaha.

Kulikuwa na njia mbili. Moja ni kupandisha methotreksati hadi 20 au 25, ikiwezekana kwa sindano ya chini ya ngozi, kwa kuwa zaidi ya 15 tumbo halinyonyi yote. Nyingine ni kuongeza dawa mbili juu yake, salfasalazini na haidroksiklorokwini. Utafiti wa RACAT, uliochapishwa mwaka 2013, uliwalinganisha watu ambao methotreksati haikuwatosha: waliopewa mchanganyiko wa dawa tatu za kawaida hawakuwa nyuma ya waliopewa etanasepti. Kwa mji ambako bei ndiyo huamua kama dawa itanywewa mwezi wa tano, huo ni ushahidi wenye thamani kubwa.

Mgonjwa alikuwa akipata kichefuchefu kila Jumatatu, siku ya kushona oda. Hakutaka dozi ipande. Ikachaguliwa njia ya pili. Salfasalazini ilianza na miligramu 500 kwa siku, ikapanda kwa 500 kila wiki hadi gramu 1 mara mbili. Aliambiwa mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa. Haidroksiklorokwini hukokotolewa kwa uzito, isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 62 hiyo ni 310. Tembe ni za 200, hivyo alipewa moja siku moja na mbili siku inayofuata, wastani wa 300. Macho yalipimwa mwanzoni, na yatapimwa kila mwaka kuanzia mwaka wa tano.

Matokeo

Mwezi wa saba alama ilifika 8, mwezi mmoja nje ya muda ulioandikwa. Prednisoloni iliisha wiki ya 20 badala ya 14, kwa sababu ya wiki mbili zilizopotea na maumivu yaliyorudi wakati huo. Presha ilishuka hadi 126/80 bila dawa ya presha. Mwaka ulipotimia alama ilikuwa 5, ukakamavu dakika 15, na mkanda wa presha ulisoma 150 mkono wa kulia na 155 wa kushoto. Eksirei haikuonyesha alama mpya. Ile ya kidole cha shahada ipo palepale, na haitaondoka.

Uchambuzi

Hasara kubwa kuliko zote ilitokea kabla ya kliniki. Alama ile ya mfupa ni bei ya miezi 14, na ndani yake mna kipimo cha uriki kilichosomwa bila kutazama mikono, na prednisoloni iliyoficha uvimbe vizuri kiasi kwamba hakuna aliyemtuma mbele. Mama mwenye vifundo vya ngumi vilivyovimba pande zote mbili kwa zaidi ya wiki sita atumwe kwa mtaalamu hata kama RF ni hasi. Wataalamu wa viungo nchini ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hiyo miadi huchelewa. Barua ya rufaa inayotaja idadi ya viungo vilivyovimba na muda wa ukakamavu husaidia kumtanguliza.

Kilichofanya kazi zaidi ya tulivyotarajia ni kumuuliza mikono yake inafanya nini. Jibu lake ndilo lililochagua kati ya kupandisha dozi na kuongeza dawa, na ndilo lililookoa kibao kisitupwe.

Kuhusu vipimo vya damu, mpango wa kwanza ulikuwa mbovu. Kila kipimo kilimtaka asafiri hadi kliniki, nauli na nusu siku ya kazi, na wiki ya tano hakuja. Tulipomruhusu kupima katika hospitali ya karibu na kutuma picha ya majibu kwa simu, hakukosa tena. Hilo lingefanywa siku ya kwanza.

Swali lililo mezani sasa ni kama dozi ipunguzwe. Kifundo cha mkono wa kulia bado huvimba akimaliza oda kubwa, na kingamwili zake ni za aina ambayo ugonjwa hurudi kwa urahisi. Imekubaliwa isubiriwe miezi 6 mingine yenye alama ya 10 au chini, na msimu mmoja wa sare upite katikati, ndipo salfasalazini ijaribiwe kushushwa kwanza. Kifundo hicho kikibaki peke yake, kitachomwa sindano ya steroidi ndani ya kiungo mara moja, kisha apumzishe mkono siku mbili.